Mjakaranda wa Mfadhili

Kibao cha historia ya bustani kiko mkono wa kushoto unapoingia getini. Kilikuwa na mistari tisa. Naijua yote kichwani, kwa sababu kwa miaka kumi mimi ndiye niliyekifuta kila Ijumaa kwa kitambaa na maji ya sabuni, na maneno marefu ambayo sikuyakuta shuleni kabla ya kuacha darasa la tano niliyasoma pale: uzinduzi, maendeleo, jamii. Mstari wa kwanza unasema hapa palikuwa shimo la taka. Wa pili unasema Mfadhili alipita, akaliona, akahuzunika. Wa tatu, bustani ikawa bustani.

Kati ya mstari wa pili na wa tatu kuna miezi kumi na minne ambayo haikuandikwa. Lile shimo lilichimbwa na wafyatua matofali, wakamaliza udongo wao wakaenda zao, mtaa ukaligeuza jaa. Wanawake ndio waliolijaza. Walichota kifusi kwa mabeseni kutoka kule barabara ilikokuwa ikipanuliwa, wakakimwaga, wakarudi. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Beseni lake lilitoboka, akaliziba kwa lami, akaendelea. Mfadhili alitoa uzio, bomba la maji, mabenchi na geti la chuma. Sisemi ni vitu vidogo. Bila lile bomba tusingeotesha hata mchicha. Ninachosema ni kwamba uzio umo kwenye kibao, geti limo, na beseni halimo.

Baba yangu alikuwa mtunza bustani tangu siku ya kwanza. Watu walimwita Mwagilia. Mimi waliniita Bubu, kwa sababu mtu akinisalimu najibu kwa kutazama vidole vyangu vya miguu. Mama alipofariki niliacha shule nikamsaidia baba kwenye kitalu cha miche. Tuliishi humo humo bustanini, nyuma ya stoo ya vifaa, vyumba viwili vya matofali ambavyo mlango wake ulifunguka kwenye safu za miche. Nyumba ilikuwa ya kazi. Kazi ikiisha, nyumba nayo imekwisha. Hilo baba alinieleza mapema, kama mtu anavyomweleza mtoto kwamba moto unaunguza.

Siku ya uzinduzi nilikuwa na miaka sita. Nilivalishwa gauni jeupe nikapewa keni ndogo ya kumwagilia, kwa sababu mpiga picha alitaka mtoto. Baba alikuwa amechimba shimo tangu alfajiri, shimo zuri, akachanganya udongo na samadi. Kando yake akaweka mche wa mjakaranda ukiwa kwenye kiriba chake, ile mifuko myeusi ya nailoni ya kuoteshea miche. Mtu yeyote wa kitaluni anajua: unapasua kiriba, unakitupa, ndipo unaushusha mche. Ukiupanda na kiriba, mizizi inazunguka humo humo, inajisokota, mwisho inajinyonga yenyewe.

Baba alikuwa na wembe tayari mfukoni. Lakini Mfadhili alikuwa mtu wa haraka, dereva wake hakuwa amezima hata gari. Aliunyanyua mche akautumbukiza shimoni na kiriba chake, watu wakapiga makofi. Baba akapiga hatua moja mbele. Mwenyekiti wa kamati ya bustani, aliyekuwa amesimama kando yake, akamshika kiwiko.

"Mwagilia," alimwambia kwa sauti ya chini, huku meno yake yakiendelea kucheka upande wa kamera, "usimwaibishe mgeni."

Nilisikia kwa sababu kimo changu kilikuwa usawa wa kile kiwiko. Nikamwaga maji. Picha ikapigwa.

Baba alipanga kukitoa kiriba jioni, wageni wakishaondoka. Hakupata nafasi. Mwashi aliletwa siku hiyo hiyo, na kabla ya saa kumi mti ulikuwa umezungushiwa duara la saruji, na kwenye saruji bamba la shaba lenye jina la Mfadhili na tarehe. Saruji ilitoka dukani kwa Mwenyekiti, ambaye ndiyo biashara yake.

Baba alimwendea Mwenyekiti mara tatu. Wiki ile ile ya kwanza. Halafu mvua zilipoanza. Halafu mwaka wa pili, majani yalipogeuka manjano. Mara zote jibu lilikuwa moja: mti wa Mfadhili hauguswi, na ukinyauka mkononi mwako utajua mwenyewe. Haukunyauka. Mizizi michache ilitoboa chini ya kiriba ikatafuta maisha, mti ukapanda juu, ukatoa maua ya zambarau, watu wakapiga picha za harusi chini yake. Wote walisahau isipokuwa baba. Kila masika alikuwa akiweka mgongo wa mkono kwenye shina, kama unavyompima mtoto homa. Aliuegemezea nguzo mbili. Kamati ikaziondoa kwa kuwa zinaharibu picha. Alilihamisha benchi lililokuwa chini yake. Kamati ikalirudisha kwa kuwa watu wanataka kivuli.

Mjakaranda ulianguka Jumanne saa tatu asubuhi. Hapakuwa na upepo hata wa kutikisa nguo kambani. Ulilala taratibu, ukang'oka na nusu ya duara la saruji, ukalipasua benchi vipande viwili. Benchi halikuwa na mtu. Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili Mfadhili aje kwenye sherehe ya miaka kumi na tano ya bustani.

Nilimkuta baba amechuchumaa mbele ya shina lililong'oka. Mizizi ilikuwa imejiviringisha kama kamba ndani ya ndoo, na umbo lilikuwa la kiriba hasa, duara, pana chini, kana kwamba mti ule haukuwahi kutoka kitaluni. Katikati ya mizizi kulikuwa na kipande cheusi cha nailoni, kikubwa kama kiganja. Baba alikivuta, akakipangusa udongo, akakikunja mara nne akatia mfukoni.

Jioni shangazi akaja. Ni dada yake baba, fundi cherehani wa sare za shule, na hajawahi kuingia nyumbani kwetu bila kuanza kusema akiwa bado nje.

"Kaka, wamesemaje?"

"Wameita kikao. Alhamisi."

"Kikao cha nini? Mti umekufa, wauzike."

"Watasema nilizidisha maji."

"Ala! Miaka kumi na tano wanakuita Mwagilia, leo ndiyo maji yamekuwa mengi?" Akakaa juu ya ndoo, akavua viatu. "Na kiriba? Utawaambia habari ya kiriba?"

"Niseme nini, dada? Niseme Mfadhili hajui kupanda mti?"

"Useme! Wamekuzoea wewe. Wahenga walisema mfadhili mbuzi, utakunywa mchuzi wake. Huyu wako wa miguu miwili utakunywa machozi yako mwenyewe." Kisha akanigeukia mimi niliyekuwa nachambua mchele. "Na wewe Bubu, uliyekuwa pale na keni yako, huo mdomo umewekewa uji tu?"

"Mwache mtoto," alisema baba.

"Mtoto! Ana miaka ishirini na moja huyu. Mimi umri wake nilikuwa nimeshafukuza waume wawili."

"Wa pili alijiondokea mwenyewe."

"Alijiondokea kwa sababu aliona anayefuata kufukuzwa ni yeye."

Baba alicheka. Ndiyo mara ya mwisho namkumbuka akicheka ndani ya nyumba ile. Halafu akasema polepole, kama mtu anayejihesabia, "Wakinitoa kazini, nyumba tunaihama kabla ya mwisho wa mwezi. Na miche haihamishiki yote." Alitazama nje mlangoni, kwenye safu za viriba. Tulikuwa na miche mia nne.

Chumba cha ofisi kina viti vya plastiki kumi na viwili na meza moja yenye kioo. Ukutani kuna picha ya uzinduzi ndani ya fremu. Siku ya kikao kazi yangu ilikuwa kupanga viti na kumimina chai. Walikuja watano: Mwenyekiti, Katibu aliyekuwa kijana mwenye miwani na daftari, Mweka Hazina ambaye ni mama wa mtaani kwetu, na wajumbe wawili. Baba alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu na mlango.

Mwenyekiti alianza kwa upole. Alisema hakuna anayemchukia mtu hapa. Alisema Mfadhili atakuja, ataukosa mti wake, atauliza, na mtu lazima awe na jibu. Akauliza kama mti ulikuwa unamwagiliwa kila siku.

"Mti mkubwa haumwagiliwi," alijibu baba.

"Kwa hiyo ulikuwa huumwagilii?"

"Haukuhitaji."

"Katibu, andika: hakuwa akiumwagilia."

Mjumbe mmoja akauliza je, mchwa? Mwingine akasema kwao mti ulianguka kwa sababu ya fuko. Baba alikuwa anatazama birika. Mkono wake ulikuwa mfukoni, na mimi nilijua umeshika nini. Nikamngoja akitoe. Hakukitoa. Nilihesabu vikombe, vitano na kimoja, nikahesabu tena. Kisha nikasikia mtu anaongea, sauti nyembamba kama bawaba isiyo na mafuta, na vikombe vyote vikatulia kwa sababu aliyekuwa akiongea ni mimi.

"Picha," nilisema. "Tazameni picha."

"Bubu amesema?" alinong'ona Mweka Hazina.

"Picha ya ukutani. Mikononi mwa Mfadhili."

Picha ile nilikuwa nimeifuta kila wiki kwa miaka kumi. Nilikijua kila kitu kilichokuwamo: kamba ya kiatu cha mpiga ngoma, kivuli cha mpiga picha, na chini ya mikono ya Mfadhili, ndani ya shimo, kile kitu cheusi kinachong'aa. Katibu alisimama, akaivuta miwani yake juu, akasogeza uso hadi pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo.

"Ni kweli," alisema. "Kuna mfuko."

Wote wakainuka kuitazama, kisha wakanigeukia mimi. Nilijisikia vizuri. Nasema ukweli wangu, nilijisikia vizuri sana.

Mwenyekiti hakukasirika. Alinitazama kwa uso wa baba mzazi. "Mwanangu, hicho ni nini?"

"Kiriba, Mwenyekiti. Haukutolewa kiriba."

"Na kisipotolewa?"

"Mizizi inazunguka. Inajinyonga. Mti ukishakuwa mkubwa unaanguka."

"Unajua sana. Nani alikufundisha?"

"Baba."

"Hongera yake. Lini?"

"Tangu nikiwa mdogo," nilisema, na sauti sasa ilikuwa imepata mafuta. "Baba anajua miti yote. Kila mvua alikuwa akienda kuupima ule mti, kwa sababu alijua utaanguka."

Mwenyekiti akageuza kichwa polepole mpaka alipomfikia baba. "Kumbe ulijua."

Baba alitoa mkono mfukoni. Ulikuwa mtupu. "Nilijua. Nilikuja kwako mara tatu."

"Kwa barua?"

"Kwa miguu."

"Katibu, kwenye kumbukumbu za kamati kuna kitu?"

Katibu alifunua daftari, akafunua jingine. Alikuwa mtoto wa chekechea wakati ule. "Hakuna," alisema.

"Ulinishika kiwiko," baba alisema. "Siku ile ile. Nilikuwa na wembe mfukoni."

"Nilikushika kiwiko usimvuruge mgeni. Mimi ni muuza saruji, Mwagilia. Mizizi naijuaje? Ungeniambia saruji haijakauka, hapo ungenilaumu. Aliyejua ni wewe. Miaka kumi na tano unawaona watoto wa watu wanakaa chini ya mti unaojua utaanguka."

"Nilihamisha benchi!"

"Ukaliacha lirudishwe."

Mweka Hazina aliweka kikombe chini. Hakuwa mtu mbaya. Mama yangu na yeye walibeba kifusi pamoja. "Kitinda mimba wangu alikuwa anasomea pale," alisema, bila kumtazama mtu. "Kila siku akitoka shule. Pale pale."

Baba akaurudisha mkono mfukoni. Na mimi nilitaka kuongea, maneno yalikuwapo, lakini kila nililolishika nililiona lina makali upande wa baba.

Barua ya kumwachisha baba kazi ililetwa na Katibu Ijumaa, nikiwa nafuta kibao. Alinikabidhi mimi, kwa sababu hakutaka kumkabidhi baba. Alisimama kidogo, akasafisha miwani yake ambayo haikuwa na vumbi.

"Dada," alisema, "ile barua ya kwanza nilikuwa nimeshaipiga chapa kabla ya kikao. Ilikuwa ya onyo tu. Tungesema ni upepo."

"Upepo?"

"Mwenyekiti alikuwa ameshakubali. Mwagilia aonywe, abaki, sherehe ipite. Lakini baada ya yale maneno, imeandikwa kwenye kumbukumbu kwamba alijua. Ikishaandikwa..." Akavaa miwani. "Nisamehe."

Nilimaliza kufuta kibao, mistari yote tisa, kwa sababu sabuni ilikuwa imeshapakwa.

Shangazi nilimweleza. Nilitegemea atanifokea, nilimwomba Mungu anifokee. Alikaa na kitambaa cha sare mapajani, sindano mdomoni. Halafu akasogeza cherehani yake ukutani ili kupima kama kitanda cha baba kitaenea. Baba hakuniuliza kwa nini. Kesho yake tu, tulipokuwa tunafunga vyombo, alisema, "Ulisema kweli," kwa namna unayomwambia mtu aliyeunguza chakula kwamba si kitu. Tulihamisha miche sitini kwa mkokoteni. Iliyobaki tuliiacha kwa mtunza mpya, mtoto wa dada yake Mwenyekiti, aliyeniuliza kama mjakaranda ni ule wenye miiba.

Siku ya sherehe shangazi alisema twende wapi, kufuata nini, paka haendi kwenye maziko ya panya wala panya ya paka. Baba alikuwa ameshafua shati. "Mche watakaoupanda ni wa kwangu," alisema. "Mbegu yake niliisia mwenyewe. Nataka kuona wanauweka wapi tu."

Tukasimama nyuma ya watoto wa shule. Kibao kilikuwa kipya. Sasa kina mistari kumi na mmoja. Wa kumi unasema mti wa kwanza uliangushwa na upepo mkali. Ndani ya ofisi, dirishani, niliiona fremu ya picha ya uzinduzi: ilikatwa ikatiwa upya, na sasa Mfadhili anaishia magotini. Mkono wangu bado umo, na keni, namwagilia mahali pasipoonekana.

Mfadhili amezeeka. Alishikiliwa na watu wawili akapiga magoti kwenye mkeka. Mtunza mpya akamletea mche, mjakaranda wetu wa safu ya tatu, umenyooka, majani kama manyoya ya kifaranga. Akampa mkononi na kiriba chake.

Nilimtazama Mwenyekiti. Safari hii hakuweza kusema yeye ni muuza saruji. Aliona kiriba, nikamwona anakiona, macho yake yakaruka juu ya vichwa vya watoto hadi yakatukuta mimi na baba. Yakakaa hapo kitambo kidogo. Kisha akainua mikono akaanza kupiga makofi, na watoto wakamfuata.

Nyuma ya geti, mwashi alikuwa anakoroga saruji.

Baba akapiga hatua moja mbele. Mfukoni mwa lile shati safi niliuona wembe, umeviringishwa kwa karatasi. Akapiga ya pili. Mdomo wake ulikuwa umeshafunguka.

Mkono wangu ulifika kabla sijaufikiria. Nikamshika kiwiko. Kilikuwa chembamba kuliko nilivyodhani, nikakaza.

"Baba," nilimwambia kwa sauti ya chini, "usimwaibishe mgeni."

Alinigeukia akanitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka ni wapi aliniona. Sikumwachia. Nilimshika mpaka walipomaliza kushindilia udongo.